Kufundisha sanaa na urithi wa Zama za Kati kwa kamba, bikari na mche wa sabuni

Kila muhula unapoanza, walimu wanaopewa Historia ya Tanzania na Maadili kwa mara ya kwanza hapa Arusha huniuliza maswali yale yale. Kilwa iko mbali, nitaionyeshaje? Projekta hatuna, nifanyeje? Kipindi ni dakika 40 na darasa lina watoto 80, kuchonga kutawezekana vipi? Na lipo lile linaloniuma zaidi: "Sisi watu wa bara, mambo ya pwani yanatuhusu nini?" Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, kwenye ofisi za walimu na hata ndani ya daladala. Sasa nayaandika, mwalimu mwenzangu, ili uyakute mahali pamoja.

Mwongozo huu unafaa kuanzia darasa la tano hadi kidato cha pili. Unahitaji vipindi sita, na ukijaliwa, siku moja ya safari. Utaratibu wake ni mmoja tu: mtoto afanye kwanza kwa mkono wake, majina na tarehe vifuate. Mtoto aliyechonga nyota kwenye sabuni, ikavunjika, akaanza upya, hana haja ya kubembelezwa asikilize habari za mafundi wa Kilwa. Anauliza mwenyewe.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kamba ya katani, mita 11. Usinunue ya nailoni, inavutika na vipimo vyote vitaharibika.
- Tepu ya fundi ya kupimia, hata ya kuazima.
- Bikari na rula. Mkebe mmoja kwa watoto wanne unatosha.
- Sabuni ya mche. Mche mmoja ukikatwa vizuri hutoa vipande 8. Inunue siku moja au mbili kabla ya kipindi, si mwezi mmoja kabla. Sababu utaiona hatua ya 4.
- Misumari ya inchi 3, vijiko vya chai vya zamani, vijiti vya mishikaki.
- Udongo wa mfinyanzi, tonge moja kwa kila mtoto.
- Magazeti ya kutandika mezani.
- Picha nne zilizokuzwa kwa fotokopi: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ramani ya Husuni Kubwa (jumba la sultani wa Kilwa), kuta za Engaruka (magofu ya vijiji vya kale, Monduli), na kanisa la Mtakatifu George la Lalibela, Ethiopia. Nyeusi na nyeupe hazina shida.

Mweleze pia mwalimu mkuu mapema, na uonyeshe kazi hii kwenye azimio la kazi. Ukianza kimyakimya, mtu atapita dirishani, ataona watoto 80 na misumari, na utaitwa ofisini kabla ya kengele.

Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja

Usitangaze ubaoni kwamba leo tunasoma Zama za Kati, kuanzia mwaka 500 hadi 1500, dunia nzima. Hiyo ni miaka elfu moja na watoto watanakili tu. Chagua mahali pamoja pa kuanzia. Mimi huanza na Kilwa kwa sababu picha zake zinapatikana, mafundi wake waliacha kazi ya kuonekana kwa macho, na ni kwetu. Engaruka huja baadaye, mtoto akishajua kuuliza maswali mbele ya jengo.

Hatua ya 2: Tandaza kamba ya miaka

Hatua hii usiiruke kabisa, hata kama una haraka.

Funga fundo kwenye ncha ya kamba: hilo ni mwaka 1000. Pima mita moja, funga fundo la pili: 1100. Endelea hivyo hadi fundo la 2000, na bakiza kipande mbele kwa ajili ya miaka yetu hii. Kila mita ni karne, kila sentimita ni mwaka. Kata vikaratasi vya manila, andika namba, bana kwa vibanio vya nguo.

Sasa toka nje na watoto, tandaza kamba uwanjani, na uwape kazi ya kutafuta miaka hii kwa tepu:

- 1107, mwaka ulioandikwa kwa Kikufi, mtindo wa kale wa maandishi ya Kiarabu, kwenye msikiti wa Kizimkazi, Zanzibar: mita 1 na sentimita 7.
- 1331, Ibn Battuta, msafiri toka Moroko, alipofika Kilwa: mita 3 na sentimita 31.
- 1505, Wareno walipoivamia Kilwa: mita 5 na sentimita 5.
- 1961, Uhuru: mita 9 na sentimita 61.

Mtoto mmoja asimame kila alama. Halafu nyamaza. Waache waone wenyewe jinsi aliyesimama Uhuru alivyo karibu na mwisho wa kamba, na aliyesimama Kizimkazi alivyo peke yake kule mbali. Darasani kwangu, hapo ndipo mtu huuliza, "Kwa hiyo walikuwa wanajua kusoma wakati huo?" Ndiyo. Walijua.

Kamba hii pia inaponya kosa linalorudi kila mwaka kwenye mitihani. Mtoto anaona 1331 anaandika karne ya 13. Mwambie ahesabu nafasi badala ya mafundo. Nafasi ya mafundo 1300 na 1400 ni mita ya nne tangu mwaka 1000. Ongeza zile karne kumi zilizotangulia, unapata karne ya 14. Akishaihesabu kwa miguu yake hasahau.

Hatua ya 3: Chora nyota ya pembe nane

Husuni Kubwa ni jumba la sultani lililojengwa Kilwa karne ya 14, juu ya jabali linalotazama bahari. Lina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea la pembe nane. Onyesha ramani yake, waambie watafute birika. Kisha sema: leo tutachora pembe nane kama fundi, bila kukisia.

1. Chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 6.
2. Pitisha mstari katikati ya duara, toka ukingo hadi ukingo. Ncha zake ziite A na B.
3. Panua bikari hadi sentimita 9. Weka ncha yake A, chora tao juu na chini. Rudia toka B bila kubadili upana. Unganisha matao yanapokatana. Mstari utapita katikati na kukupa C na D.
4. Kwa upana ule ule, chora matao toka A na toka C yakatane nje ya duara. Toka hapo pitisha mstari katikati hadi ng'ambo. Fanya hivyo tena toka C na B.
5. Sasa una nukta nane kwenye duara. Zipe namba 1 hadi 8 kwa kufuatana.
6. Unganisha 1, 3, 5, 7 na urudi 1. Unganisha 2, 4, 6, 8 na urudi 2.

Miraba miwili imelaliana, nyota imetoka. Ukiunganisha nukta zinazofuatana, 1 na 2, 2 na 3, hadi mwisho, unapata umbo la birika.

Kwa darasa la tano wasio na bikari, zungushia sahani kwenye karatasi, kata duara, likunje mara tatu, likunjue. Mikunjo inatoa nukta nane zile zile.

Onyo: watoto hupenda kufuta matao ya penseli ili kazi ionekane safi. Wakataze. Matao ndiyo ushahidi wa akili ya fundi, na mwalimu wa hisabati atafurahi kuyaona. Nimewahi kubadilishana vipindi na mwenzangu wa hisabati kwa ajili ya hatua hii tu, na tulifaidika wote.

Hatua ya 4: Chonga

Mafundi wa pwani walitumia mawe ya matumbawe. Kwa kuta walichimba matumbawe makavu. Kwa mapambo, kama kingo za milango, vidaka na kibla, walichukua tumbawe laini toka baharini, wakalichonga lingali bichi. Likikauka linakuwa gumu.

Sabuni ya mche inafanya vivyo hivyo. Ikiwa mpya ina unyevu, inakubali kijiti. Ikikaa dukani miezi inakauka na kumeguka. Ndiyo maana nilisema inunue karibu na siku ya kazi.

1. Kata vipande kabla ya kipindi, wewe mwenyewe, kwa uzi uliokazwa au kisu.
2. Kila mtoto asawazishe uso mmoja kwa ubapa wa kijiko.
3. Aweke mchoro mdogo wa nyota juu yake, atoboe kila kona kwa msumari. Akiondoa karatasi atakuta nukta.
4. Aunganishe nukta kwa kukwaruza taratibu. Mara tatu nyepesi ni bora kuliko mara moja nzito.
5. Aondoe sabuni ya pembeni mwa nyota, si ya nyota yenyewe. Kina cha nusu sentimita kinatosha.
6. Aandike jina lake nyuma, aweke kivulini siku mbili.

Onyo kubwa: wembe usiingie darasani. Watoto watakuja nao mfukoni kwa sababu wanachongea penseli. Zikusanye nyembe zote mlangoni. Kijiti cha mishikaki kinafanya kazi yote inayohitajika.

Kosa la pili ni la walimu: kuwaharakisha. Hatua hii inataka vipindi viwili vilivyofuatana. Ukikosa, gawa, kipindi kimoja hadi namba 4, kingine umalizie, na vipande vifungwe kwenye nailoni visikauke. Mabaki ya sabuni yakusanye kwenye ndoo, yatafulia vitambaa vya shule.

Kipande kikikauka, mpe kila mtoto akijaribu tena kwa kijiti. Atahisi ugumu. Hapo ndipo uwaambie kwamba fundi wa Kilwa alikuwa anashindana na muda.

Hatua ya 5: Sarafu yenye vina

Hatua hii naipenda sana, na walimu wa Kiswahili wataiona ni yao.

Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu ndogo za shaba. Kwenye sarafu za Ali bin al-Hasan, upande mmoja kuna jina lake, upande wa pili kuna maneno ya kumtegemea Mola mwenye neema, na pande zote mbili zinaishia kwa kina kimoja cha -an. Mtu alikuwa ananunua samaki kwa shairi.

Sarafu hizo zilisafiri. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani yule yule aliyempokea Ibn Battuta, ilipatikana Great Zimbabwe. Nyingine 5 za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Bandika ramani ya dunia, mtoto aweke kidole Kilwa na kingine Australia.

Kisha kila mmoja afinyange kisahani cha udongo, upana wa sentimita 3. Mbele aandike jina lake na anakotoka, nyuma aandike sifa yake moja, na vina vikubaliane. Mtoto mmoja aliwahi kuandika "Zawadi wa Kaloleni", akageuza, "wa kwanza kufika shuleni". Huo ndio ufundi wenyewe: jina, sifa na kina kwenye nafasi ya ukucha.

Kuwa mwangalifu na jambo hili. Wapo watakaoandika jina la Mungu, Waislamu kwa Wakristo. Waruhusu, lakini sarafu hizo zisitupwe jalalani wala kukanyagwa. Warudishie wakae nazo nyumbani.

Hatua ya 6: Pima chumba

Fupi, dakika 20. Dari za Kilwa zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba: kama mita 2.5 hadi 3. Chora kwa chaki sakafuni chumba cha upana huo na urefu wowote, waingie kumi. Pima na darasa lenu. Uliza kwa nini vyumba vya mawe vya Kilwa ni virefu na vyembamba. Anayejibu "kwa sababu ya mti" amefaulu somo, na mimi humpa alama zote.

Hatua ya 7: Nenda Engaruka

Sasa lile swali la watu wa bara. Engaruka iko kwetu, wilaya ya Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kuanzia karne ya 15 hadi ya 18 watu waliishi pale kwenye vijiji vilivyojengwa juu ya matuta ya mawe mlimani, na bondeni wakalima mashamba ya kumwagilia yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 20. Mawe yamepangwa bila saruji wala chokaa. Iweke kwenye kamba: walianza wakati misikiti ya Kilwa ingali inaswaliwa.

Toka Arusha unapita Makuyuni hadi Mto wa Mbu kwa lami, kisha unakata kaskazini kwa barabara ya vumbi. Panga hivi:

1. Wasiliana na ofisi ya kijiji wiki mbili kabla, omba mwongozaji wa pale pale. Usiende bila yeye.
2. Epuka Machi hadi Mei. Mvua inaharibu njia.
3. Ondoka saa 11 alfajiri. Kazi ya kuchora iishe kabla ya saa 6 mchana, joto la kule si la Arusha.
4. Kila mtoto abebe maji lita 2, kofia, daftari, penseli, viatu vilivyofunika vidole.
5. Kila kundi lichague mita moja ya mraba ya ukuta, lichore jiwe kwa jiwe. Dakika 40, bila kuongea.
6. Kisha wafuate mfereji mmoja wa kale kwa miguu na kusema maji yalitoka wapi yakaenda wapi.

Kupanda juu ya kuta ni marufuku. Kuokota pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba na kuchukua masalia bila kibali, na hata bila sheria, kigae kikitoka mahali pake kinakuwa bubu. Safari yangu ya kwanza sikulisema hili kwa ukali wa kutosha. Tulipofika Mto wa Mbu tukakuta kigae cha chungu kwenye begi la mtoto. Tuligeuza gari. Tulirudi Arusha usiku, wazazi wamekasirika, nami sikujutia kugeuza. Nilijutia kutosema mapema.

Kwa nini watu wa Engaruka waliondoka? Wanaakiolojia wenyewe wanajadiliana: wapo wanaotaja kupungua kwa maji ya vijito, wapo wanaotaja sababu nyingine. Usiwape watoto jibu moja. Waache wabishane ndani ya gari.

Walimu wa Moshi, nyinyi mna mifongo, mifereji ya jadi ya kumwagilia, inayofanya kazi hadi leo mlimani. Anzeni nayo. Mwombe mzee wa kijiji awatembeze toka banio, mahali maji yanapoingizwa mfereji, hadi shambani, aeleze zamu za maji zinavyogawanywa. Mtoto aliyeona mfongo wenye maji ataisoma mifereji mikavu ya Engaruka, hata kwa picha tu, vizuri kuliko wetu wa mjini.

Hatua ya 8: Fungua dirisha la nje

Kipindi kimoja, baada ya yote hayo. Onyesha Lalibela: makanisa 11 yaliyochongwa ndani ya mwamba karne ya 12 na 13, fundi akianzia juu kushuka chini. Watoto waliovunja sabuni wanaelewa papo hapo kwamba kule hakuna kurudia. Ukitaka Ulaya, zungumzia vitabu vilivyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama iliyowambwa. Watoto wa jamii za wafugaji wataeleza kuwamba ngozi kuliko wewe, wape nafasi.

Kuhusu utunzaji, linganisha mambo mawili. Kanisa la Notre-Dame la Paris, lililoanza kujengwa 1163, liliungua 2019 na kufunguliwa tena 2024. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, ziliwekwa kwenye orodha ya hatari 2004, zikaondolewa 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Uliza: nani alishika mwiko wa uashi?

Mambo yakienda kombo

*Nyota haifungi.* Bikari imelegea. Kaza skrubu, au funga raba kwenye kiungo. Mara chache mtoto amebadili upana kati ya tao la A na la B.

*Sabuni inameguka.* Ni kavu. Ifunge kwenye kitambaa kibichi usiku mmoja. Isipopona, itumie kwa watoto wachonge maumbo makubwa yasiyo na ncha kali.

*Watoto ni zaidi ya 80.* Gawa nusu: hawa wachonge, hawa wafinyange sarafu, kesho wabadilishane. Usijaribu wote kuchonga siku moja.

*Mtoto anasema Kilwa ilijengwa na Waarabu.* Atalisema, huenda kalisikia nyumbani. Usimkemee. Mweleze kwamba wachimbuzi walikuta nyumba za miti na udongo chini ya tabaka za mawe. Mji ulikua toka kijiji cha wenyeji. Uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa pwani, uliochapishwa 2023, ulionyesha mchanganyiko: kwa sehemu kubwa mama wa Kiafrika, na kuanzia karibu mwaka 1000 baba toka Asia, hasa Uajemi. Lugha iliyotoka hapo ni ya Kibantu, na ndiyo anayoitumia kuuliza.

*Mzazi analalamika kwamba mwanawe anachora misikiti, au makanisa.* Liliwahi kunitokea. Baba alikuja na daftari mkononi. Nilimwonyesha matao ya bikari na kipande cha sabuni, nikamwomba mwanawe aeleze mwenyewe alivyopata nukta nane. Alisikiliza hadi mwisho, akamuuliza mtoto nukta ya tano inapatikanaje.

*Hakuna pesa ya safari.* Fanya hatua ya 1 hadi ya 6 na picha. Kisha tafuta ukuta wa mawe uliopangwa bila saruji karibu na shule, upo karibu kila mtaa wa pembezoni, na uwape zoezi lile lile la mita moja ya mraba.

*Kamba imelegea au kulowa.* Katani ikilowa hunywea. Ianike, ipime upya toka fundo la 1000, rekebisha fundo lililohama. Kisha izungushe kwenye kipande cha ubao na uitundike ofisini mahali ambapo panya hawafiki. Ile ya kwangu ni ya mwaka wa nne sasa, na kila darasa linaongeza kikaratasi chake kimoja.